Mgongo wa Mzee Ogari

Jina la Sharon lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu katikati ya karatasi ya manila, mkabala na neno "Msomaji". Jina la Kwamboka lilikuwa chini kabisa, pale ambapo gundi ilikuwa imeanza kuachia ukuta: "Kwamboka – mlangoni. Viatu na kakao."

Kwamboka aliisoma karatasi hiyo mara ya kwanza akadhani mwandishi amekosea. Aliporudia, aliutambua mwandiko. Ile herufi ya k yenye mkia mrefu ilikuwa imemwandikia vijibarua vya mapenzi kwa mwaka mmoja na miezi minne, vijibarua vilivyofichwa ndani ya kamusi kubwa ambayo hapana msomaji mwingine aliyethubutu kuibeba. Leo mkia huohuo ulikuwa umemsukuma hadi mlangoni.

"Masese," aliita bila kugeuka.

"Naam."

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Masese alikuwa amepiga magoti kando ya rafu ya watoto, akiwapanga viboko wadogo aliowachonga kwa jiwe la sabuni. Vumbi jeupe la machimbo lilikuwa bado limemganda kwenye kope, likamfanya aonekane kama mzee mwenye uso wa kijana. "Si unaujua," alisema.

"Naujua. Nauliza ili nikusikie ukikiri."

"Ni wangu, Kwamboka."

"Na nani alikwambia uandike hivi?"

"Kamati."

"Kamati ina watu watatu: mimi, wewe na baba yako. Mimi sikusema neno. Basi kamati ni ninyi wawili, na mimi ni wa viatu."

Masese aliinua kiboko mmoja, akakipuliza vumbi kichwa chake ambacho hakikuwa na vumbi lolote, akamrudisha.

Sherehe ya usomaji iliyopangwa kwenye karatasi hiyo ilikuwa imezaliwa kichwani mwa Kwamboka mwenyewe. Tangu alipotoka kwao Nyansiongo na kukabidhiwa funguo za maktaba ya jamii ya Tabaka, alikuwa amewaona watoto wakitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye mabeseni, kuwasaidia mama zao kusugua vinyago kwa msasa na maji mpaka vidole vikakunjamana. Watoto hao hulala mara tu kichwa kinapogusa mto. Hakuna anayewasomea hadithi wakisinzia. Ndipo alipowaza: Jumapili moja, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili, watoto waje maktabani wakiwa wamevaa nguo za kulalia, kila mmoja na blanketi lake, walale mikekani, wanywe kakao, na mtu mzima aliyevaa pajama kama wao akae kwenye kiti kikubwa awasomee kwa upole kama mama. Asiye na pajama aje na fulana kuukuu ya baba yake, mradi ndiyo anayoilalia. Na kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na wanasesere wa kukumbatia, Masese aliahidi kumchongea kila mmoja kiboko wa kwenda naye kitandani.

Kwa majuma sita walikuwa wameipanga pamoja. Katika majuma hayo yote, Kwamboka alikuwa akikiona kiti kile kikubwa, na aliyekikalia alikuwa yeye.

"Sharon ana sauti ya kuchangamsha watoto," Masese alisema hatimaye.

Laiti angenyamaza! Maana ni yeye huyuhuyu aliyewahi kumwambia, siku moja wameketi ukingoni mwa machimbo, kwamba akimsikia akisoma hujihisi kama jiwe linaloloweshwa maji kabla ya kupigwa msasa.

"Sauti ya kuchangamsha," Kwamboka alirudia polepole. "Basi yangu ya kuita viatu."

"Sikiza, Kwamboka. Kuna jambo ambalo siwezi kukuambia sasa. Ngoja Jumapili ipite."

"Ikipita ndiyo utaniambia nini? Kwamba mmeelewana?"

"Nani na nani?"

Kabla hajajibiwa, kicheko kiliingia mlangoni kikimtangulia mwenyewe.

Sharon alifanya kazi kwa muuza vitabu mmoja mjini Kisii, na ndiye aliyeleta maboksi mawili ya vitabu vya watoto kwa ajili ya sherehe. Alikuwa mrefu, mweupe wa meno, na alivaa viatu ambavyo barabara ya Tabaka haikuvistahili. Aliimba katika kwaya ya kanisa la Sabato, kanisa lilelile ambalo baba yake Masese alikuwa mzee wake. Kwamboka alikuwa Mkatoliki, binti wa Mkatoliki, mjukuu wa katekista. Jambo hilo halikuwahi kumsumbua hadi siku Sharon alipokanyaga maktabani.

"Aki Masese, nimezipata pajama!" Sharon alisema, akifungua mfuko wa karatasi. "Tazama. Mistari ya samawati, zinafanana kabisa. Yangu na yako. Watoto watapenda, si ndiyo? Kama baba na mama."

Kama baba na mama. Kwamboka alijikaza kisabuni, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

"Mimi nitavaa shati lake tu, juu ya nguo zangu," Masese alisema, akitazama chini. "Baba atakuwepo."

"Wewe na haya zako! Haya, shati pekee. Mimi nitavaa yote."

Mzee Haron Ogari alikuwa ameingia nyuma yake, fimbo mkononi na kofia kichwani. Alikuwa mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mtu aliyesalimia kila mtu kwa mkono kana kwamba anampa cheti. Alimpa Sharon mkono, akautikisa, akamwuliza habari za mjini, akacheka. Kisha akageuka kidogo upande wa meza ya Kwamboka, akasimama mbali, akatazama rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Hujambo, binti," aliiambia rafu.

"Sijambo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaondoka kwenda kukagua mikeka.

Hakumpa mkono. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu aache kumpa mkono. Hapo awali alikuwa akimwita "mwalimu mwenzangu", akiketi mbele ya meza yake na kubishana naye juu ya vitabu mpaka chai ikapoa. Sasa hakuketi tena kiti kile. Akihitaji kitabu, alimtuma mtu. Kwamboka hakuhitaji kupigiwa mbiu: mzee alikuwa amesikia fununu ya mapenzi yao, na alikuwa ameikataa. Alitaka mke wa mwanawe awe binti wa Sabato, na binti huyo alikuwa pale, akipima shati la mistari kwenye mabega ya Masese, akilinyoosha kwa kiganja chake kutoka shingoni hadi kifuani, taratibu mno kwa kazi ndogo kama ile.

Masese aliinua macho, yakakutana na ya Kwamboka juu ya bega la Sharon. Kulikuwa na ombi ndani yake. Kwamboka aliyatazama kwa muda, kisha akayaacha yaombe.

Siku ile alipofunga maktaba, aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuiomba kamati imwachilie kazi baada ya sherehe, arudi kwao Nyansiongo. Ya pili ilikuwa ya Masese, na aliichana kabla ya kufika kwenye jina lake. Ile ya kwanza aliikunja akaihifadhi. Kesho yake alipanda gari hadi Kisii, akaingia soko la Daraja Mbili, akapekua milundo ya mitumba hadi mgongo ukamuuma, akatoka na pajama ya kitambaa laini, rangi ya majani machanga ya chai, vifungo vyeupe na mfuko kifuani.

Alijiambia kwamba ameinunua kwa ajili ya watoto. Moyo wake ulimcheka.

*

Majaribio yalifanywa Alhamisi alasiri, kwa kuwa Ijumaa jioni Sabato ingekuwa imeingia. Watoto saba waliitwa kujaribu mikeka. Walikuja wamevaa fulana za baba zao zilizowafika magotini, wakakumbatia viboko wa mawe na kulalamika kwamba ni baridi.

"Mkumbatie mpaka apate joto," Masese aliwaambia, akiwa amevaa shati la mistari juu ya suruali ya kazi. "Kiboko naye huogopa giza."

Akanguruma kama kiboko aliyeota ndoto mbaya. Watoto wakafa kwa kicheko. Kwamboka, aliyekuwa mlangoni akipanga viatu, alihisi kicheko hicho kikimpanda na yeye, akakimeza kama dawa chungu. Ni vigumu kumkasirikia mwanamume anayenguruma hivyo. Ndiyo maana alimkasirikia zaidi.

Sharon alimfuata ndani ya stoo, pajama yake mkononi, akafunga mlango.

"Kwamboka, nikuulize kitu kama dada?"

"Uliza."

"Wewe na Masese mna mambo?"

Kwamboka aliendelea kuhesabu vikombe vya kakao ambavyo alikuwa ameshavihesabu. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nampenda," Sharon alisema, bila kupepesa. "Sitajifanya. Nikimtazama akipiga msasa nasahau njia ya kurudi Kisii. Lakini kama ana mtu, mimi si wa kuchukua mtu wa mtu. Nimemuuliza mara mbili. Anasema tu, ngoja Jumapili ipite."

Ngoja Jumapili ipite! Maneno yaleyale, neno kwa neno. Kwa hiyo kulikuwa na foleni ya Jumapili, na wote wawili walikuwa wamepangwa ndani yake kama wagonjwa wa zahanati!

"Mimi sina jibu la kukupa," Kwamboka alisema, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula. "Muulize mwenye jibu."

"Nimekuuliza wewe kwa sababu macho yako hayanipendi."

"Macho yangu hayajalala vizuri."

Sharon alivaa pajama yake juu ya fulana, akafunga vifungo. Mlangoni aligeuka. "Aki, ungesema tu ndiyo, ningeenda nyumbani leo," alisema. Kisha akatoka.

Watoto walimpokea kwa vifijo. Kwamboka, akisikiliza kupitia ubao mwembamba wa mlango, alimsikia Mzee Ogari akicheka.

"Ala! Hii ndiyo pajama? Imefunika kuliko sketi za kwaya yenu!"

"Mzee, usiniseme mbele ya watoto!"

"Keti, keti. Hicho kiti ni chako. Soma."

Hicho kiti ni chako. Kwamboka aliyasikia maneno hayo yakimpasua mahali ambapo hakujua pangali pazima. Alikuwa ameapa kwamba atavumilia. Lakini uvumilivu ni kamba, na kamba hukatikia pembamba. Aliivua sketi yake, akavaa pajama ya rangi ya chai, akatia barua ya kuacha kazi katika mfuko wa kifuani, akachukua kitabu alichokichagua majuma sita yaliyopita. Nitasoma ukurasa mmoja, alijiambia. Mmoja tu. Masese asikie anachokikataa. Baba yake naye asikie. Kisha nitampa mwenyekiti barua yangu mkononi, apende asipende kuugusa mkono wangu.

Akafungua mlango.

"Watoto," alisema kwa sauti yake ya kusoma, ile ya chini, "na mimi ninayo hadithi."

Watoto waligeuka wakapiga makofi. Sharon aliinua kichwa kitini. Masese aliona, akasimama ghafla hata kiboko aliyekuwa mapajani mwake akaanguka sakafuni. "Kwamboka, hapana," alisema. "Tafadhali. Rudi ndani."

Na Mzee Haron Ogari, aliyekuwa benchini akiwa bado na tabasamu, alimwona Kwamboka kuanzia ukosi hadi ndara. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Fimbo ilianguka upande huu, na miwani ikaning'inia sikio moja. Akaivua kofia, akajifunika uso wote, akageuka akaukabili ukuta, akabaki amesimama pale kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Yaya!" alisema ndani ya kofia, akikataa kwa Kigusii: hapana. "Yaya, yaya, yaya!"

Mtoto mmoja alicheka. Wengine hawakujua kama inafaa kucheka.

Kwamboka alisimama katikati ya mikeka, kitabu kifuani. Damu yote ilimpanda usoni. Alikuwa amejiandaa kwa karipio, kwa baridi, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa mgongo.

"Hata kunitazama huwezi, Mzee?" Machozi yalikuwa yameshafika. "Mkono wako uliuondoa, nikanyamaza. Kiti chako ukakihamisha, nikanyamaza. Nimekukosea nini? Kusali misa? Kuzaliwa Nyansiongo? Sharon umemtazama, ukacheka naye, ukampa kiti. Mimi nimevaa nguo kama yake. Mbona kwangu unageuza uso kana kwamba umeona uchi?"

Mabega ya mzee yalikuwa yanatetemeka, na haikujulikana kama ni hasira.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Sharon. Kwamboka alimwona akielewa: alimtazama mzee aliyeukabili ukuta, akamtazama Masese aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Kwamboka, na kitu usoni mwake kikazimika polepole kama jiko lililomwagiwa maji.

"Mimi ni mgeni tu," Sharon alisema. "Mimi anaweza kunitazama hata nikivaa gunia. Kwamboka, hukulelewa na wanaume nyumbani?"

"Baba alifariki nikiwa mdogo. Mimi ndiye kifungua mimba. Kuna nini?"

"Basi ndiyo maana. Kwenu hajawahi kuolewa mke akakuta baba mkwe." Sharon aliinuka kwenye kiti. "Hii ni chinsoni, dada. Mzee hamwangalii mke wa mwanawe akiwa na nguo za kulala. Hampi mkono. Haketi kiti chake. Yeye amekuhesabu omokamwana, mkaza mwana, tayari."

Chinsoni: ile heshima yenye haya ndani yake, mpaka kati ya baba mkwe na mke wa mwana. Kwamboka alilijua neno hilo kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuvuka. Kule Nyansiongo, kwenye mashamba ambayo zamani yalikuwa ya walowezi, majirani walitoka kila upande, na bibi yake alikuwa na rozari nyingi kuliko miiko. Mkono ulioondolewa, kiti kilichohamishwa, salamu zilizosemwa kwa rafu: yote yalimrudia kwa mkupuo mmoja, kila moja likiwa limegeuzwa kama kinyago kinachoonyeshwa upande wa pili.

"Masese," mzee alisema kwa ukuta.

"Naam, baba."

"Mwambie mtu aliye nyuma yangu."

"Anakusikia, baba."

"Sikuuliza kama anasikia. Mwambie."

"Ndiyo, baba."

"Mwambie kwamba wiki tatu zilizopita ulikuja kwangu ukanitajia jina lake. Mwambie sikufurahi, maana mimi ni mtu wa Sabato na yeye ni mtu wa misa. Mwambie nilimtuma esigani, mshenga wetu, kule Nyansiongo, achunguze nyumba yao kama ilivyo desturi, na nikakufunga mdomo mpaka arudi na mimi nitafakari hadi Jumapili. Nyumba ingekuwa na kasoro, binti wa watu asingejua kamwe kwamba tuliichunguza, wala asingeaibika."

"Baba anasema—"

"Sijamaliza! Mwambie esigani alirudi jana. Amesema ni nyumba safi. Wanakamua ng'ombe wanne, hawagombani na jirani, na mama yake alimpa mgeni maziwa kabla ya kumwuliza jina. Mambo ya misa na Sabato tutayazungumza, Mungu yupo siku zote saba." Akaishusha kofia kidogo. "Na mwambie hakunikosea lolote. Nimekosa mtu wa kubishana naye kwa wiki tatu. Chai yangu nainywa ikiwa moto, haina ladha."

Kwamboka alijaribu kucheka, akalia. Alipoona hawezi kufanya kimoja, alifanya vyote viwili.

Sharon aliichukua leso yake kutoka kwenye mkoba, akamkaribia, akamfunga mabegani. Ilimfunika hadi magotini. Kwa muda nyuso zao zilikuwa karibu, na Kwamboka aliona kwamba kope za Sharon zimelowa.

"Nilikuuliza mle stoo," Sharon alinong'ona.

"Nilikuwa na kiburi. Unisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo." Alivaa koti juu ya pajama, akashika mkoba. "Leso utanirudishia Jumapili. Vitabu nitaleta, niliahidi watoto." Akawapungia mkono wale saba, akatoka kwa viatu vyake virefu, shingo juu, na Kwamboka hakuwahi kumheshimu mwanamke wa rika lake kama alivyomheshimu yule.

Mzee naye alianza safari yake. Hakutaka kugeuka, basi alitembea upande upande kama kaa, mikono ikipapasa rafu moja baada ya nyingine, watoto wakimwelekeza: "Kushoto, Mwalimu! Kuna kiboko hapo!" Alipoufikia mlango alishusha pumzi, akatoka nje uani. Watoto walimfuata kwa mbio, mmoja akimpelekea fimbo yake, maana hawakuwa wameona mchezo mzuri kama huo tangu wazaliwe.

Maktaba ikabaki na watu wawili. Kwamboka alirudi nyuma ya rafu ya kamusi, leso imemzunguka. Masese alisimama upande wa pili. Walionana kupitia pengo la kitabu kimoja.

"Ungeniambia," Kwamboka alisema.

"Nilifungwa mdomo."

"Mdomo ulifungwa, mkono ukaandika. Ukaandika Sharon kwa wino mwekundu."

"Ningeandika wewe, baba angekukuta kitini hivyo siku ya Jumapili, mbele ya wazazi wote. Nilikuwa naogopa kitu kama cha leo. Nikasema afadhali ukasirike ukiwa umevaa sketi."

"Na ile ya sauti ya kuchangamsha?"

"Nilidanganya. Nilitafuta uongo, nikapata ule mbaya kuliko yote." Aliweka kiganja chake kwenye pengo, cheupe kwa vumbi. "Sauti yako ndiyo iliyonifanya nimwendee baba. Kwamboka, utakubali—"

"Ngoja."

"Nini tena?"

"Umemwambia baba yako. Mmemtuma esigani. Mama yangu amempa maziwa bila kujua anampa nani. Ng'ombe wetu wamehesabiwa! Katika watu wote hao, kuna mmoja ambaye hakuulizwa."

Masese alifumba macho. "Wewe."

"Mimi. Ninajua desturi ina njia yake, nami nitaiheshimu. Lakini mimi si jiwe, Masese, la kuchongwa huku likisubiri kuambiwa limekuwa nini. Niulize kama mtu."

"Ndiyo nilikuwa nauliza."

"Si hivi. Nikiwa nimefungwa leso ya Sharon, na ndara miguuni? Niulize nikiwa nimevaa."

Aliingia stoo. Masese alisikia zipu, kisha maji ya mtungi. Alipotoka alikuwa amevaa sketi yake ya kahawia na blauzi iliyofungwa hadi shingoni, nywele zimebanwa, uso umeoshwa. Alisimama mbele yake bila rafu kati yao.

"Sasa," alisema. "Niulize."

Yule aliyeweza kunguruma kama kiboko, kulia kama mwanakondoo na kubweka kama mbwa wa jirani alikosa sauti hata moja. Alijaribu, akakohoa vumbi.

"Utatukubalia tuje Nyansiongo?"

"Kufanya nini?"

"Kukuposa, Kwamboka. Kwa sababu nakupenda. Kwa sababu wiki hizi tatu ulipokuwa ukinitazama vile, nilikuwa nikienda machimboni nikivunja kila kinyago mkononi."

Kwamboka aliinua mkono, akamfuta vumbi kwenye kope za jicho la kushoto kwa kidole gumba, kisha la kulia, bila haraka, kama aliyekuwa na siku nzima.

"Msije siku ya Sabato, baba yako hatasafiri," alisema. "Na Jumapili asubuhi mama yuko misani. Njooni Jumapili alasiri, ile inayofuata sherehe. Mama atachemsha maziwa mengine."

Alichukua kalamu nyekundu mezani. Juu ya karatasi ya manila alikata neno "mlangoni", akaandika kwa herufi kubwa: "Kwamboka – msomaji wa pili, nyuma ya shuka." Kwa maana alikuwa ameshaona itakavyokuwa: shuka jeupe limetundikwa mbele ya kiti, taa imewashwa nyuma yake, watoto wakitazama kivuli, na mzee fulani benchini akiisikiliza sauti bila kuvunja mwiko wowote. Ile barua ya kuacha kazi aliikunja mara nyingine, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya kakao, ambayo ilikuwa imeyumba tangu Januari.

Nje, mtu alikohoa.

"Masese! Muulize mtu wa humo ndani kama ameshavaa. Nimesahau kofia yangu."

Kofia ilikuwa juu ya rafu ya historia, pale alipoiacha ili mikono ipate kupapasa. Masese alinyoosha mkono kuichukua, lakini Kwamboka alimtangulia. Aliipangusa kwa upande wa mkono wake, akaenda nayo hadi kizingitini. Mzee Ogari alikuwa amesimama uani, ameitazama milima, watoto saba wenye fulana za baba zao wamemzunguka.

Miezi michache iliyopita angemfuata, akampa mkononi. Leo aliinama, akaiweka kofia kwenye benchi la nje kwa mikono miwili. Kisha alirudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, akageuka akampa mgongo.

Alisikia fimbo ikigonga mawe, ikikaribia. Ikasimama. Benchi likalia kidogo.

"Asante, mwanangu," mzee alisema nyuma yake, na safari hii hakumtuma mtu.